Safu ya Lelemama: Vyama vya Wanawake wa Pwani ya Tanga na Deni la Wanahistoria

Kila mwaka ninapofika kwenye mada ya pwani ya kaskazini, huwaomba wanafunzi wangu wanitajie watu walioifanya historia ya Tanga na Pangani. Majibu huja kwa haraka. Hutajwa Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Hutajwa Hemedi bin Abdallah, aliyeandika utenzi wa vita vya Wadachi, na Shaaban Robert wa Vibambani. Aliyesoma vita vya dunia hukumbuka Novemba 1914, jeshi la Mwingereza lililoletwa kutoka India liliposhindwa na kurudi merikebuni. Na wanaharakati hawakosi kuutaja mkutano wa TANU wa Januari 1958. Kisha huuliza swali la pili: na wanawake? Ukumbi hunyamaza. Baada ya kitambo mmoja hujitosa na kusema, "Bi. Shakila," na wenzake hucheka, kana kwamba ametaja jina la starehe katikati ya mambo ya maana.

Makala haya ni jibu langu kwa kicheko hicho. Nakiri mapema kwamba siandiki kama mtu wa mbali. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mwanachama wa ngoma, na alipofariki tulikuta katika sanduku lake la mvule doti nane za kanga zenye mchapo mmoja mmoja zisizovaliwa tena, na daftari la kurasa za mistari ambalo nusu yake limeandikwa kwa hati za Kiarabu na nusu kwa hati za Kirumi. Kwa muda mrefu niliamini kwamba ni hesabu za duka. Nilikuwa tayari na shahada ya uzamivu nilipolisoma kwa makini na kutambua kwamba ni kumbukumbu za chama: nani katoa nini, kwa msiba wa nani, na nani bado anadaiwa. Nilikuwa nimepita nyaraka za miji mitatu nikitafuta sauti za wanawake wa pwani, nayo ilikuwa chini ya kitanda nyumbani kwetu.

Tuanzie Pangani ya karne ya 19. Mji ule ulikuwa na biashara ya pembe zilizoshuka na misafara, na kando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu karamu na ghasia za pwani hiyo, ameonyesha kwamba siasa za mji zilifanyika zaidi katika sherehe kuliko katika mabaraza. Anayeweza kulisha watu, kuchezesha ngoma na kuvaa vizuri mbele ya watu ndiye aliyehesabiwa kuwa mtu wa mji. Sasa mtazame mwanamke aliyeletwa pwani akiwa mtoto, hana ukoo, hana shangazi wala mjomba wa kumsemea. Atapataje kuwa mtu wa mji? Njia moja ilikuwa kuingia katika kundi la ngoma, kupata somo wa kumfunda, kuchangia karamu na kuchangiwa. Undugu alionyimwa kwa damu aliutafuta kwa mchango.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba vyama hivi havikuzaliwa na anasa. Utumwa Tanganyika haukupigwa marufuku kisheria hadi 1922, miaka 25 baada ya amri ya Zanzibar ya 1897. Katika kipindi hicho kirefu, na baada yake, swali la nani muungwana na nani si muungwana lilibaki wazi katika kila arusi na kila maziko. Nani atamwosha maiti? Nani atanunua sanda? Mtu asiye na watu huzikwa na nani? Chama cha ngoma kilikuwa na jibu: mwanachama ana watu.

Lelemama ndiyo ngoma iliyoacha alama kubwa kuliko zote. Wanawake husimama kwa safu, wamevaa sare, wakicheza kwa mikono na shingo polepole, kwa madaha, huku wimbo ukipita kichwani mwa hadhira na kumfikia yule aliyekusudiwa. Ilichezwa karibu pwani nzima. Mombasa iliingia kutoka Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19. Ilipokutana na mashindano ya beni ya wanaume, ambao katika miji ya Tanganyika waligawanyika kuwa Marini na Arinoti, ikachukua baadhi ya tabia zake: vyeo, mavazi ya kufanana, na ushindani wa mtaa na mtaa. Terence Ranger alikwisha kueleza katika kitabu chake cha 1975 jinsi beni ilivyokuwa shule ya uongozi kwa vijana wa kiume. Kwa upande wa wanawake hatuna kitabu cha aina hiyo kuhusu Tanga, na hilo ndilo deni ninalolitaja katika kichwa cha makala haya.

Wapo watakaosema kwamba ngoma ni ngoma tu. Nawaomba waitazame lugha yenyewe. Neno "upatu" lina maana mbili zinazojulikana na kila mtu wa pwani: ni ile sahani ya shaba inayopigwa kwa kijiti ngomani, na ni ule mchango wa zamu ambao kila mmoja hutoa kiasi kilekile na mmoja kupokea jumla yake. Sina haja ya kubishana na wanaisimu kuhusu ipi ilitangulia. Inatosha kwamba mzungumzaji wa Kiswahili haoni ajabu kuita kwa jina moja chombo cha muziki na hazina ya fedha, kwa kuwa vyote viwili aliviona mikononi mwa watu walewale, mara nyingi jioni ileile.

Kazi za vyama hivyo nimezisoma katika daftari la bibi na kuzisikia kwa wazee wa Pangani, Tongoni na Mwambani. Kubwa kuliko zote ni msiba. Wanawake walifika kabla ya jua kuchomoza. Wakatwanga, wakapika, wakakaa na mfiwa hadi siku zake zilipotimia, na wakarudi arobaini. Katika daftari msiba huandikwa kwa ufupi mkali: jina la mfiwa, "sanda", kiasi, "mchele pishi nne", "kuni". Hakuna neno la huzuni hata moja. Arusi huchukua mistari zaidi, kwa sababu kuna sare za kununua na vyombo vya kuazima. Halafu zipo kurasa ambazo zilinichanganya mwanzoni: "kumtoa fulani Muheza", "nauli ya fulani". Ni mama mmoja mzee aliyenifafanulia. Wapo wanawake waliowafuata waume zao katika mashamba ya mkonge. Ndoa zikaharibika, wakabaki huko bila nauli ya kurudia. Chama kilituma mtu na fedha kwenda kumchukua mwenzao.

Mkonge una nafasi yake katika habari hii. Mmea huo ulioletwa na Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890, pamoja na reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, uliibadilisha kabisa nchi ya Wabondei, Wasegeju, Wadigo na Wazigua. Wakaja manamba kutoka bara kwa maelfu. Tanga ikawa mji wa wageni, na mji wa wageni unahitaji vyama kuliko mji wa wenyeji. Wanawake waliokuja peke yao, waliouza vitumbua, maandazi na pombe, waliopangisha vyumba Ngamiani na Chumbageni, walihitaji mahali pa kuandikwa majina yao. Dola ya kikoloni iliwaandika wanaume kwa ajili ya kodi na kazi. Wanawake walijiandika wenyewe.

Nisivipake vyama hivi rangi ya asali. Mashindano yaliumiza. Kundi moja likichinja mbuzi, lingine lilichinja ng'ombe, na wapo waliouza minazi au kuweka rehani dhahabu ili wasiaibike. Nyimbo zilivunja majirani, pengine ndugu wa tumbo moja. Katika baadhi ya makundi mabinti wa waungwana waliketi mbele na wajukuu wa watumwa wakabeba masufuria, hata kama wote walilipa ada sawa. Bibi yangu mwenyewe, kwa ushahidi wa daftari lake, alimfungia mtu msaada kwa miezi mitano kwa sababu ya "maneno". Maneno gani hakuandika.

Jirani zetu wa Mombasa wametutangulia katika kuihifadhi historia hii. Margaret Strobel alifanya utafiti huko na kuchapisha mwaka 1979 kitabu kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa kuanzia 1890 hadi 1975. Baadaye, akiwa na Sarah Mirza, akatoa masimulizi ya maisha ya wanawake watatu, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, ambayo yalitoka pia kwa Kiswahili, kwa maneno ya wenyewe. Humo tunakutana na makundi ya lelemama yaliyoshindana vikali, Ibinaal Watan na Banu Saada. La kuvutia zaidi kwa mtu wa siasa ni yaliyotokea mwishoni mwa miaka ya 1950, pale wanawake wa mji huo walipounda jumuiya mbili zenye sura mpya, moja ikiwa na mizizi yake katika kundi la lelemama la Ibinaal Watan. Jumuiya hizo zilijishughulisha na elimu ya watu wazima, ushonaji na ustawi wa wanawake, na katika miaka hiyohiyo wanawake wa Kiarabu wa Mombasa wakadai haki ya kupiga kura. Waliojifunza kuchagua viongozi wa ngoma, kutunza hazina na kupanga safu, hawakuhitaji semina ya kufundishwa maana ya uongozi.

Upande wa Tanganyika jambo hilohilo lilitokea kwa njia nyingine. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipoitembelea TANU, aliuliza iko wapi sehemu ya wanawake. Haikuwapo. Wanaume waliokuwa uongozini walitafuta mtu haraka, na akapatikana Bibi Titi Mohamed, kijana wa miaka 29, mwimbaji wa kundi la ngoma la Bomba la Dar es Salaam. Alichofanya kimesimuliwa na yeye mwenyewe kwa Susan Geiger, aliyechapisha kitabu chake kuhusu wanawake wa TANU mwaka 1997. Hakuanza na mikutano ya hadhara. Aliwaendea viongozi wa makundi ya ngoma, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa alijua kwamba akimpata kiongozi amepata safu nzima. Kadi za TANU zilinunuliwa kwa utaratibu uleule wa kuchangia sare. Kabla mwaka haujaisha, wanawake waliojiunga walihesabika kwa maelfu, na katika jiji lenyewe waliwaacha wanaume nyuma.

Kwa hiyo ninapofundisha mkutano wa Tanga wa Januari 1958, siishii kwenye hoja za ukumbini peke yake, ingawa zilikuwa nzito. TANU ilipaswa kuamua kama itashiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na ambao haki ya kupiga kura yenyewe ilitegemea kipato, elimu au cheo. Masharti hayo yaliwaacha nje takriban wanawake wote wa aina ya bibi yangu. Fikirini juu ya hilo: walionunua kadi, waliopika, waliowapa wajumbe mahali pa kulala, waliojaza viwanja, hawakuwa na kura katika uchaguzi uliokuwa ukijadiliwa. Nyerere aliushawishi mkutano ushiriki, na historia ilimpa haki. Lakini gharama ya subira ile hawakuilipa watu wote kwa kiwango kimoja.

Baada ya uhuru dola mpya ilikuwa na shauku ya kupanga kila kitu. Desemba 1962 Rais Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasema kwamba mkoloni alitufanya tuzionee haya ngoma zetu. Mwaka huohuo ikaundwa UWT, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wa kwanza. Ungetarajia kwamba vyama vya ngoma sasa vingepata heshima yao. Ilikuwa tofauti. Ngoma ilipelekwa jukwaani kuwakaribisha wageni wa kitaifa, na shughuli za wanawake zikapelekwa UWT. Kilichokuwa kitu kimoja, yaani wimbo, hazina, sanda na siasa, kikagawanywa katika idara mbili, na kila idara ikachukua nusu isiyoweza kuishi peke yake. Bibi Titi mwenyewe alikamatwa 1969, akahukumiwa kwa uhaini 1971 na kuachiwa 1972. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa katika vitabu vya shule.

Na hapa ndipo ninapomrudia Bi. Shakila, na mwanafunzi aliyechekwa. Tanga ya miaka ya 1960 ndiyo iliyoipa taarabu ya Afrika Mashariki sauti mpya, Black Star Musical Club ilipoleta gitaa za umeme na besi mahali pa kundi kubwa la vinanda la mtindo wa Kimisri, na Lucky Star ikafuata. Shakila binti Said, mzaliwa wa Pangani, aliimba katika klabu hizo kabla ya kuhamia Dar es Salaam katika taarabu ya jeshi. Alifariki Agosti 2016. Klabu hizo hazikuwa vyama vya wanawake, na uongozi wake ulikuwa wa wanaume. Lakini tazama ukumbini. Waliojaza viti ni wanawake waliokuja kwa makundi, kwa sare. Waliosimama kwenda kumtuza mwimbaji, wakiinua noti juu ubeti fulani unapofika ili mbaya wao aone, ni walewale wa lelemama na mabinti zao. Kelly Askew, aliyefanya utafiti Tanga na kupiga muziki katika kundi la Babloom, ameeleza katika kitabu chake cha 2002 namna tuzo hizo zilivyo lugha kamili ya madai na majibu. Mtaalamu kutoka Marekani aliona siasa pale ambapo sisi tuliona umbea.

Miaka hiyo ya 1980 na 1990 haikuwa ya mchezo Tanga. Mkonge, uliozidi tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, ulikuwa umeporomoka. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na wanaume wengi wakarudi nyumbani bila mshahara wala kiinua mgongo. Nyumba zilisimama kwa mama lishe, kwa mihogo na samaki wa kukaanga, kwa upatu. Mimi ni mmoja wa waliosomeshwa hivyo: karo yangu ya kidato cha tano ilitoka katika zamu ya mama, na zamu hiyo ilikuwa ya jirani yetu aliyekubali kusubiri.

Dola haijazoea watu wanaojipanga bila kuiomba ruhusa. Sheria ya Vyama ya mwaka 1954 ilitungwa na Mwingereza akiwa na TANU mbele ya macho yake. Miaka mingi baadaye sheria hiyohiyo ilitumika dhidi ya Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililofutiwa usajili mwaka 1997. Kesi yake ilichukua zaidi ya miaka kumi mahakamani. Siku hizi mkono wa serikali ni laini zaidi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 ikiwa ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kufichua vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, kisha ikarudishwa kwa utaratibu mpya.

Ndugu zangu watumishi wa halmashauri, hapa nawasemesha ninyi. Nilimsindikiza mama mmoja wa makamo katika ofisi moja ya umma, sitaitaja, kuomba mkopo kwa niaba ya kikundi chake. Afisa, kijana mwenye adabu kabisa, alimwuliza: "Mama, kikundi chenu kina muda gani?" Akajibu kwamba alikirithi kwa mama yake, na mama yake alikikuta. Kijana akatabasamu, akaandika katika fomu: "Kikundi kipya." Kwa maana ya cheti alikuwa sahihi, kwani usajili ulikuwa wa miezi sita. Akaanza kumfundisha jinsi ya kutunza daftari la michango.

Kikundi kilichoibuka jana kwa ajili ya mkopo, na kikundi kilichozika watu kwa miaka sabini, katika fomu ile ni kitu kimoja. Kisha tunashangaa vikundi hewa vinapatikana wapi. Swali moja tu la ziada lingesaidia sana: mlizikana lini mara ya mwisho, na nani alinunua sanda? Kikundi hewa hakina jibu la swali hilo.

Kwa wanafunzi nina ombi la kazi. Wanawake waliocheza lelemama kabla ya uhuru sasa ni wachache mno, na wengi wao wako katika vijiji vya ufuoni kuanzia Moa hadi Kipumbwi. Nendeni kwa adabu, mkiwa na muda, na zaidi mpeleke dada zenu, maana yapo mambo ya unyago na kungwi ambayo mtafiti wa kiume hataambiwa na hapaswi kuambiwa. Ulizeni kuhusu sare: kila kanga ina mwaka wake na tukio lake, na mzee asiyekumbuka tarehe atakumbuka mchapo. Ulizeni madaftari yako wapi. Mengi yamefungiwa karanga.

La bibi yangu nimelipiga picha ukurasa kwa ukurasa, nakala moja iko kwa mama na nyingine kwangu. Nilipoonyesha kurasa za hati za Kiarabu kwa shehe mmoja wa Pangani ili anisaidie kusoma majina, alikutana na jina la nyanya yake, miaka ya 1950, na mbele yake maneno mawili: "bado sanda". Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza chama hicho kama bado kipo, na mweka hazina ni nani siku hizi, akaingiza mkono mfukoni.